Je, Wajua? Kifandugu Kinapolalamika kwenye Mkeka wa Pilates

Wengi wetu hatukumbuki kuwa tuna kifandugu mpaka siku kinapouma. Kwa mtu wa Pilates, siku hiyo huja katikati ya zoezi la kubingirika. Miguu iko juu, mgongo umepinda, mwili unarudi kukaa, kisha mfupa wa mwisho kabisa wa uti wa mgongo unagonga sakafu na mazoezi yanaishia hapo. Baadhi ya watu huvumilia kwa kuuma meno, na wengine hukunja mkeka wasirudi tena. Hakuna haja ya kufika huko. Ukikijua kifandugu kilivyoumbwa na kinavyofanya kazi, utaona kwamba swali kubwa ni moja tu: uzito wako unatua wapi?

Je, wajua kwamba kifandugu si mfupa mmoja?

Ni pingili ndogo 3 hadi 5, mara nyingi 4, zilizopangana chini ya mfupa mpana ulio nyuma ya nyonga. Ya kwanza ndiyo kubwa, na zinazofuata huzidi kupungua hadi ya mwisho, ambayo ni kijipande tu. Kuna watu ambao pingili hizo zimeshikana zikawa kitu kimoja, na kuna ambao bado zina viungo vinavyocheza. Mwaka 1983 waganga wawili wa Italia, Postacchini na Massobrio, walizipanga sura za kifandugu katika makundi 4: kilichopinda kidogo kwenda mbele, kilichopinda zaidi, chenye kona kali, na kilichoteguka. Kundi la kwanza ndilo la watu wengi. Makundi mengine huonekana zaidi kwa wenye maumivu.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mfupa huu mdogo umeshikiwa na msuli mkubwa wa tako, kano zinazofunga nyonga, na misuli inayotanda chini ya nyonga kushikilia kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo mpana. Hata ugwe wa mgongo, ambao kwa mtu mzima huishia juu kabisa kiunoni, una uzi mwembamba wa karibu sentimita 20 unaoteremka hadi kwenye kifandugu na kujifunga hapo. Ndiyo maana kikiumia, maumivu hayakai mahali pamoja. Mtu huyasikia akikaa, akiinuka, akijikamua chooni, na wakati mwingine katika tendo la ndoa.

Je, wajua kwamba wewe pia ulikuwa na mkia?

Kila binadamu aliuanza mwili wake akiwa nao. Kiinitete cha wiki 4 au 5 tumboni kina mkia unaoonekana wazi, wenye mwanzo wa pingili kadhaa. Kufikia wiki ya 8 umenywea na kutoweka, na pingili za juu ndizo zinazobaki kuwa kifandugu. Mbwa anayetikisa mkia na mtu anayejipinda kwenye mkeka wanatumia sehemu ileile ya mwili. Mmoja amebaki nayo nzima, mwingine ana kishina.

Je, wajua kwamba ushahidi wa zamani wa viumbe waliopoteza mkia umefukuliwa Kenya?

Katika kisiwa cha Mfangano, Ziwa Viktoria, watafiti walipata pingili ya mwisho ya ule mfupa mpana wa nyuma ya nyonga, ya kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi kiasi cha miaka milioni 18 iliyopita. Kwa miaka mingi aliitwa Proconsul. Tangu 2015 visukuku vya kundi hilo vya Mfangano na Rusinga vinaitwa Ekembo. Mwaka 1991 wataalamu waliouchunguza mfupa huo walionyesha kwamba ncha yake ni nyembamba mno kubeba mkia.

Ushahidi mwingine ulitoka kaskazini, Nachola katika Samburu, mahali palipofukuliwa mabaki ya Nacholapithecus, aliyeishi miaka milioni 15 hadi 16 iliyopita. Mwaka 2003 watafiti kutoka Japani na Kenya walitangaza kwamba walikuwa na pingili ya kifandugu chenyewe, na umbo lake halikuacha shaka. Viumbe hawa walikuwa bado wanatembea kwa miguu minne juu ya matawi. Kwa hiyo mkia ulitoweka kabla hatujasimama wima, wala si kwa sababu tulisimama.

Je, wajua kwamba kifandugu kilichoumia garini kilizaa ugunduzi wa jeni?

Mwaka 2019 Bo Xia alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha New York. Akiwa abiria kwenye gari la kukodi aliumia kifandugu, na kupona kwake kulichukua muda mrefu. Maumivu hayo yalimfanya ajiulize swali la mtoto mdogo: kwa nini sisi hatuna mkia? Pamoja na Itai Yanai na wenzao, alilinganisha jeni za ukuaji wa mkia kwa nyani wenye mikia na jamii ya sokwe wasio nayo, akiwemo binadamu.

Jibu lilichapishwa katika jarida la Nature mwezi Februari 2024. Kiasi cha miaka milioni 25 iliyopita, kipande cha herufi 300 hivi za vinasaba kilijipachika ndani ya jeni iitwayo TBXT kwa mababu wa sokwe wote. Kwa sababu yake, jeni hiyo ikisomwa na mwili, sehemu yake moja hurukwa mara kwa mara. Panya waliobadilishwa jeni waige hali hiyo walizaliwa na mikia mifupi au bila mkia kabisa. Baadhi yao walizaliwa na kasoro za uti wa mgongo zinazofanana na mgongo wazi wa watoto wachanga, jambo linalodokeza kwamba kuachana na mkia kulikuwa na gharama yake.

Je, wajua kwamba kifandugu husogea kila unapokaa?

Kwa muda mrefu mgonjwa mwenye maumivu ya kifandugu alipigwa eksirei akiwa amelala au amesimama, picha ikatoka safi, akaambiwa hana kitu. Katika miaka ya 1990 Dakta Jean-Yves Maigne wa hospitali ya Hôtel-Dieu, Paris, alifanya jambo rahisi. Alipiga picha moja mgonjwa akiwa amesimama na nyingine akiwa amekaa katika mkao uleule unaomuuma, kisha akazilinganisha.

Picha hizo zilionyesha kwamba kifandugu cha kawaida hujikunja kwenda mbele kwa nyuzi 5 hadi 25 mtu anapokaa, na hurudi mahali pake anapoinuka. Kwa baadhi ya wagonjwa kilijikunja kupita kiasi hicho, na kwa wengine kilisukumwa nyuma kikateguka. Maumbile ya mwili yalikuwa na mchango wake. Kwa mtu mnene nyonga haizunguki sana wakati wa kukaa, hivyo kifandugu hubaki kimetokeza nyuma na kusukumwa na kiti. Mtu mwembamba hukosa nyama ya kukikinga, na wakati mwingine ana kijimwiba cha mfupa kwenye ncha kinachochoma ngozi kutoka ndani.

Je, wajua kwamba matako yamefunika miguu 3 ya kigoda?

Kalia viganja vyako, ukiwa umenyoosha mgongo. Mifupa miwili migumu inayobonyeza viganja ndiyo mifupa ya kukalia, na kazi ya kubeba uzito ni yake. Sasa bweteka, mgongo upinde na nyonga izunguke kwenda nyuma. Uzito unahama kutoka kwenye viganja na kutua nyuma yake, pale penye kifandugu. Mguu wa 3 wa kigoda umeanza kubeba mzigo ambao haukuumbiwa.

Jaribio hilo linaeleza sehemu kubwa ya maumivu ya kifandugu kwenye Pilates. Kila zoezi linalokuegemeza nyuma ukiwa umekaa, au linalokubingirisha kutoka kulala hadi kukaa, hupitisha uzito juu ya mguu huo. Linaeleza pia kwa nini wenye maumivu haya hukaa ofisini wakiwa wameinamia mbele, au kwa tako moja, bila kujua sababu.

Je, wajua kwamba wanawake huumwa kifandugu takriban mara 5 zaidi kuliko wanaume?

Nyonga ya mwanamke ni pana zaidi, na kifandugu chake kimeachwa wazi zaidi anapokaa. Kisha kuna kuzaa. Kichwa cha mtoto kinapopita, kifandugu husukumwa nyuma ili njia ipanuke, na kiungo chake hulegea kwa kazi hiyo. Mtoto akiwa mkubwa, au akivutwa kwa vyombo, kiungo kinaweza kuumia na hata mfupa kuvunjika. Mama aliyejifungua karibuni na anayerudi kwenye mazoezi ya tumbo asishangae maumivu yakianzia huko chini. Amweleze mwalimu kabla darasa halijaanza.

Sababu nyingine zinazojulikana ni kuanguka kwa makalio, kukaa muda mrefu kwenye kiti kigumu au chembamba, kuendesha baiskeli na kupiga makasia. Kupungua uzito kwa haraka pia huondoa nyama iliyokuwa ikikinga mfupa.

Je, wajua kwamba aliyeyapa maumivu haya jina la kitabibu ndiye aliyewaletea wazazi nusukaputi ya klorofomu?

James Young Simpson alikuwa profesa wa ukunga Edinburgh, Uskoti. Mwaka 1847 alianza kutumia klorofomu kupunguza uchungu wa kuzaa. Mwaka 1859 aliyaandika maumivu ya kifandugu kama ugonjwa unaojitegemea, akayapa jina ambalo waganga bado wanalitumia. Tiba aliyoielekea ilikuwa kisu. Mwanzoni mwa karne ya 20 upasuaji wa kukiondoa kifandugu ulikuwa maarufu, ukafanywa hata kwa maumivu ya kiuno ambayo hayakuhusika nacho. Matokeo yakawa mabaya, sifa yake ikaanguka. Siku hizi kisu ni hatua ya mwisho kwa wachache, maana wengi mno hupata nafuu bila kupasuliwa.

Je, wajua kwamba Pilates ni jina la mtu?

Joseph Hubertus Pilates alizaliwa Mönchengladbach, Ujerumani, tarehe 9 Desemba 1883. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, akazuiliwa kama raia wa nchi adui, sehemu kubwa ya muda huo katika kambi ya Knockaloe kwenye kisiwa cha Man. Mnamo 1926 alihamia New York, akafungua ukumbi wake Eighth Avenue pamoja na Clara, mwenzake wa maisha na kazi. Wacheza densi wa jiji hilo, wakiwemo wa George Balanchine na Martha Graham, wakawa wateja wake. Alifariki huko mwaka 1967.

Yeye mwenyewe hakuyaita mazoezi yake Pilates; aliyaita Kontrolojia, akimaanisha elimu ya kuutawala mwili. Jina tunalolijua leo lilishika baadaye, na Oktoba 2000 mahakama ya shirikisho mjini Manhattan iliamua kwamba haliwezi kumilikiwa na mtu mmoja kama alama ya biashara. Tangu hapo kila mwalimu anaweza kulitumia. Ndiyo sababu madarasa yenye jina hilo hutofautiana sana, na ni vyema kuuliza mwalimu amesomea wapi.

Je, wajua ni mazoezi gani yanayokionea kifandugu?

Katika kitabu chake cha mwaka 1945, Return to Life Through Contrology, Pilates alipanga mazoezi 34 ya mkekani. Kati yake kuna familia ya kubingirika: kubingirika umejikunja kama mpira, kuyumba huku miguu imefunguka, zoezi la bumarengi, zoezi la sili na zoezi la kaa. Haya hupitisha uti mzima juu ya sakafu kwa mwendo wa haraka, na kila mara kifandugu hupata zamu yake ya kugongwa.

Familia ya pili haigongi bali hukandamiza. Humo mna kujikunja kutoka kulala hadi kukaa miguu ikiwa imenyooka, na kukaa kwa umbo la V miguu na mikono ikiwa hewani. Mazoezi ya kukaa miguu ikiwa mbele huonekana ya upole, lakini mwenye misuli mifupi ya nyuma ya mapaja huvutwa nyonga yake nyuma, akajikuta amekaa juu ya kifandugu bila kujua.

Orodha hiyohiyo ya 34 ina mazoezi yasiyokigusa kabisa: kuogelea ukiwa umelala kifudifudi, kurusha mguu ukiwa umelala ubavu au umepiga magoti, na kujiinua kwa mikono na vidole vya miguu. Mtu mwenye maumivu anaweza kufanya somo zima zuri bila kukaa hata mara moja.

Je, wajua kwamba mkeka wa yoga na mkeka wa Pilates si kitu kimoja?

Mkeka wa yoga huwa na unene wa milimita 3 hadi 6, kwa kuwa mtu wa yoga husimama sana na anataka mguu uihisi sakafu. Mkeka wa Pilates mara nyingi huwa na milimita 10 hadi 15, maana kazi kubwa hufanyika mtu akiwa amelala au anabingirika. Anayefanya Pilates kwenye mkeka wa yoga juu ya vigae amejitafutia maumivu. Kabla ya kununua mwingine, tandika mikeka miwili, au weka blanketi lililokunjwa chini ya mkeka ulio nao. Godoro halifai: linazama, nyonga inazama nalo, na kifandugu hubaki kimebanwa kwenye shimo.

Je, wajua kwamba karibu kila zoezi linaloumiza lina njia ya kukikwepesha kifandugu?

Kanuni ni kuhamisha uzito, kwenda mbele kwenye mifupa ya kukalia au juu kwenye mfupa mpana wa nyuma ya nyonga, huku kifandugu kikibaki hewani.

*Ukiwa umelala chali.* Kunja taulo, ulaze chini ya ule mfupa mpana, lakini uishie kabla ya kifandugu, ili ncha ya mfupa isiguse chochote. Katika zoezi la Mia, ambalo mikono hupiga mara 100 katika pumzi 10, anza nyayo zikiwa sakafuni na magoti yamekunjwa. Ukizoea, inua mguu mmoja, kisha wa pili.

*Kujikunja kutoka chini.* Kunja magoti na uinue kichwa na mabega tu, mikono ikishika nyuma ya mapaja. Nusu ya zoezi inatosha kufanyisha tumbo na mgongo kazi. Unaweza pia kulifanya umesimama: egemea ukuta, inamisha kichwa, acha pingili ziachane na ukuta moja baada ya nyingine, kisha zirudi kwa mpangilio uleule.

*Kubingirika.* Liache kwa muda. Faida yake kubwa ni kuupinda mgongo, na umbo hilohilo unalipata ukiwa umepiga magoti na viganja sakafuni: toa pumzi, inua mgongo uwe upinde, vuta pumzi, uurudishe. Hakuna uzito wowote unaofika kwenye kifandugu.

*Mazoezi ya kukaa.* Kaa juu ya blanketi lililokunjwa au kitofali cha yoga, nyonga iwe juu kuliko magoti. Mifupa ya kukalia iwe juu ya kitofali, kifandugu kining'inie nje ya ukingo wa nyuma. Kunja magoti kidogo. Hakuna anayetoa tuzo kwa miguu iliyonyooka.

*Zoezi la daraja.* Kupanda ni salama kwa wengi, na huimarisha makalio. Tatizo huwa kushuka. Badala ya kuteremsha pingili moja moja hadi ya mwisho, shusha nyonga kwa pamoja, itue bapa.

*Umbo la V na bumarengi.* Yasubiri. Hayo ni mazoezi ya mtu ambaye kifandugu chake hakisemi neno.

Je, wajua kwamba kubana makalio kunaweza kuzidisha maumivu?

Mwaka 1937 Mmarekani George Thiele, mtaalamu wa magonjwa ya utumbo wa chini, alieleza kwamba kwa wagonjwa wake wengi wa kifandugu, misuli inayokishikilia kutoka ndani ilikuwa imekakamaa. Tiba yake ilikuwa kuikanda misuli hiyo, na wapo wataalamu wa fiziotherapia wanaoendelea na mtindo huo hadi leo.

Hapa ndipo mwanafunzi mwenye bidii hujiumiza. Mwalimu anasema avute ndani misuli ya chini ya nyonga, naye anabana kila kitu, kutoka makalio hadi meno. Misuli ile, ikibaki imekaza, inakivuta kifandugu mbele muda wote. Jifunze kwanza kuiachia. Lala ubavu, magoti yamekunjwa, mto katikati yake. Vuta pumzi polepole mpaka mbavu zitanuke, na uache eneo la kati ya mifupa ya kukalia lishuke na kupanuka. Ukitoa pumzi, usibane; acha lirudi lenyewe. Anayeweza kuachia ndiye atakayeweza kubana kwa kiasi wakati wa kubana ukifika.

Je, wajua kwamba mto wenye tundu katikati si chaguo bora?

Mto wa duara wenye tundu unafahamika sana, hasa kwa waliotoka kujifungua. Kwa kifandugu una kasoro: ukingo wake wa nyuma unaweza kubonyeza palepale panapouma. Unaopendekezwa mara nyingi ni mto wa umbo la kabari, mnene nyuma na mwembamba mbele, uliokatwa pengo upande wa nyuma. Kabari huinamisha nyonga mbele, na pengo hukiacha kifandugu hewani. Fundi wa magodoro anaweza kukukatia mmoja kutoka kwenye sponji ngumu. Hata ukiwa na mto, inuka kila baada ya nusu saa, na kabla ya kuinuka inama mbele kwanza, maana maumivu makali mara nyingi huja sekunde ile ya kunyanyuka.

Choo nacho kina sehemu yake. Kujikamua kwa nguvu huvuta misuli yote iliyoshikana na kifandugu, kwa hiyo maji, mboga, matunda na maharage ni sehemu ya tiba. Choo cha kuchuchumaa, ambacho wengine wanakiona cha kizamani, hakikandamizi kifandugu hata kidogo, na mkao wake hulegeza msuli unaofunga njia ya haja kubwa. Mwenye choo cha kukalia anaweza kuweka miguu juu ya kistuli kifupi.

Je, wajua kwamba si kila maumivu ya hapo ni ya mfupa?

Katika Vita Kuu ya Pili, karibu wanajeshi 80,000 wa Marekani walilazwa hospitali kwa jipu lililotokea juu kidogo ya mfereji wa makalio. Wengi walikuwa wakirushwarushwa kwenye magari ya jeshi, na ugonjwa ukaitwa ugonjwa wa jeep. Kiini chake ni nywele zinazojichimbia ngozini na kuzusha usaha. Ukiona uvimbe, joto, kijitundu au majimaji eneo hilo, ni kazi ya daktari, na mkeka usubiri.

Usisubiri pia ukipata ganzi katikati ya mapaja, ukishindwa kuzuia mkojo au choo, miguu ikiishiwa nguvu, au ukiona damu katika haja kubwa. Maumivu yanayokuamsha usiku pamoja na kukonda bila sababu ni ya kupelekwa hospitali, na vilevile maumivu makali baada ya kuanguka.

Je, wajua namna ya kupima kama uko tayari kubingirika tena?

Kifandugu kilichochubuka kwa kawaida hutulia baada ya wiki kadhaa, na kilichovunjika au kuteguka kinaweza kuhitaji miezi. Kipimo kiko kwenye maisha ya kawaida kabla ya kuwa kwenye mkeka. Kaa nusu saa kwenye kiti kigumu, kisha inuka. Kama kuinuka hakuumi, jaribu mazoezi ya kukaa bila kitofali. Yakipita salama, jikunje kutoka chini magoti yakiwa yamekunjwa. Ukifika kwenye kubingirika, tumia mkeka mnene, nenda taratibu, na usimamishe mwili kabla haujatua kwenye ncha ya mfupa.

Hukumu isubiri hadi kesho yake asubuhi. Kifandugu kikiamka kimetulia, endelea ulipofika. Kikiamka kinauma kuliko jana, rudi hatua moja nyuma, ukae hapo siku kadhaa. Maumivu yakidumu zaidi ya miezi 2, tafuta daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, na umwombe akuchunguze ukiwa umekaa.